Kofia ya Vashti

Mimi na Enos Pinnock tumetenganishwa na uzio wa krotoni kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hajawahi kunizidi kwa lolote ila jambo moja. Viazi vikuu vyangu ni vinene kuliko vyake. Kahawa yangu huiva kabla ya yake. Kanisani mimi naimba mstari wa mbele. Yeye, shemasi mzima, amesogezwa mpaka mlangoni, kwa sababu akifungua kinywa mbwa wa barabarani humwitikia. Lakini kwenye bangi alinishinda, tena alinishinda kwa rangi. Mimi ni mtu wa wivu, sifichi.

Sheria yetu ya Jamaika inairuhusu kila nyumba miche mitano. Mitano yangu ilinawiri, ikanukia mpaka barabarani, na ilikuwa kijani. Kijani Septemba, kijani Desemba, kijani mpaka siku ya kuikata. Mitano ya Enos, hatua kumi tu kutoka mlangoni kwangu, ilibadilika mara upepo wa Krismasi ulipoanza kushuka kutoka kileleni. Vikonyo kwanza, kisha kingo za majani, halafu maua yenyewe yakakolea zambarau kama biringanya. Na ukungu ni ule ule! Udongo ni ule ule, hata samadi ni ya punda mmoja, tena punda wangu. Nilijaribu kila njia. Niliinywesha miche yangu juisi ya choya. Mwaka mmoja niliimwagia wino wa shule, chupa mbili nzima, na Enos akaegemea uzio akacheka mpaka akashika mbavu.

"Delrose, unailea au unaipaka rangi?"

"Nyamaza, mchawi wewe."

"Si uchawi, jirani. Rangi haitiwi. Iko damuni, baridi inaitoa nje tu. Sasa hiyo yako haina cha kutolewa."

Hayo hakuyatoa hewani. Kuna mwaka baridi haikuja kabisa, tukala Krismasi tumevaa mikono mifupi, na miche yake ikapata zambarau kidogo tu kwenye vikonyo, basi. Enos alizunguka kijiji kizima akiomba radhi, kana kwamba binti yake amefeli mtihani. Mwaka uliofuata baridi ikarudi na rangi ikarudi.

Mbegu ilikuwa ya mama yake, Vashti, aliyeipata kwa baba yake akiwa msichana, akaificha nyuma ya migomba miaka yote ile ambayo polisi walikuwa wakipanda huku na mapanga. Maua aliyaloweka kwenye ramu nyeupe akachulia magoti. Majani aliyachemshia chai ya kifua. Jumapili ya Mavuno alikuwa na kofia moja pana ya zambarau, na mtu wa kwanza aliyeuona mche wake umeiva akasema, angalieni, ule umevaa kofia ya Vashti. Jina likanata. Hata mchungaji aliuita hivyo, kisha akajikohoza.

Enos ndiye aliyebaki na Vashti alipozeeka. Alimwogesha, akamsuka nywele vibaya sana, akamlisha uji wa mahindi kijiko kwa kijiko akimwimbia kwa ile sauti yake, na mwanamke yule, aliyekuwa mkali kama pilipili, alivumilia kuimbiwa. Sijaona mwanamume mwingine mlimani hapa aliyemtunza mama hivyo. Ninapomtukana Enos, mjue namtukana mtu ninayempenda.

Dada yake, Ionie, alishuka akiwa na miaka kumi na saba kuolewa na mkata miwa huko Vere, kwenye uwanda, ambako hata saa tisa ya alfajiri mtu hulala bila shuka. Kila Krismasi alikuwa akija huku mlimani kwa lori, na mfuko wa sukari guru mkononi. Vashti alipofariki, Septemba, alikuja akakaa matanga yote. Asubuhi baada ya usiku wa tisa, ambao kwetu ndio wa kumaliza matanga, ramu ikiwa imekwisha na wageni wametawanyika, alimwambia kaka yake jambo moja tu: "Sitaki kitanda, sitaki vyombo. Nipe Kofia ya Mama." Enos akaenda shambani na kisu, akakata kijiti kwenye mche, akakifunga kwa kitambaa kibichi. Ionie akakipakata mpaka Vere.

Desemba ikaja. Mche wa Ionie ukachanua kijani. Akatuma salamu kwa dereva wa lori la kahawa, na dereva yule akazitoa dukani mbele ya watu wote: "Ionie anasema asante kwa majani ya mbuzi. Anasema Kofia ya Mama umeikalia peke yako, na yeye ukamtupia takataka za jirani."

Takataka za jirani ndiyo mimi hiyo. Nilinuna wiki mbili.

Enos alituma jibu: huko kuna joto, dada, rangi haiwezi kutoka. Ionie akajibu kwamba mwongo hakosi sababu. Enos naye, pamoja na upole wake, ana shingo ngumu ya akina Pinnock. Wakanyamaziana miaka saba, na Krismasi saba sikuona mtu akishuka kwenye lori na mfuko wa sukari guru.

Oktoba iliyopita mvua ilinyesha siku sita, na siku ya saba ukingo wa shamba la Enos ukateremka bondeni na kila kilichokuwa juu yake. Miche mitano ya Kofia, aliyokuwa akiipanda ukingoni tangu mama yake afe, ilikwenda. Makopo ya mbegu, aliyoyaweka kwenye kibanda pale pale kandokando, yalikwenda. Miche yangu haikuguswa hata jani. Mlima ulichukua zambarau ukaniachia kijani. Hata mlima una dharau.

Enos akaacha kula. Nilimpelekea samaki wa chumvi na ndizi mbichi, nikavikuta jioni palepale vimejaa sisimizi. Siku ya nne nikamwambia, "Mzee, mbona unasahau? Kofia haijaisha. Dada yako anayo."

Hakufurahi. Aliinamisha kichwa. "Delrose, nikwambie neno usimwambie mtu?"

"Mimi?"

"Haya, usimwambie kanisa zima. Asubuhi ile niliyomkatia Ionie nilikuwa nimelewa. Usiku mzima nilikunywa ramu na kulia. Miche ya Mama ilikuwa imeegemea uzio, na yako imeegemea kutoka upande wako, imeshikana. Septemba yote ni kijani. Nilikata." Akautazama mkono wake wa kulia. "Sijui nilikata upi."

Miaka saba alikuwa akilitetea jambo asilokuwa na hakika nalo, na miaka saba aliogopa kwamba dada yake ana haki. Nikaenda kumtafuta dereva wa lori. Nikampa salamu fupi: Shamba la Enos limeporomoka, Kofia imekwisha. Kama bado una ule mche, ulete.

Ionie alishuka kwenye lori wiki ya kwanza ya Desemba, mfupi, mnene, amevaa sweta mbili na soksi za mume wake, amekumbatia ndoo. Ndani yake ulisimama mche mrefu mwembamba, umeanza kuchanua, kijani kama kasuku. Enos alikuwa amesimama barabarani na kofia mkononi.

"Umekonda," Ionie alimwambia.

"Karibu nyumbani, dada."

"Sijaja nyumbani. Nitalala kwa Delrose." Akaiweka ndoo chini katikati yao. "Huu ndio wote nilio nao, sikuacha hata kijiti. Ulisema mche unataka baridi; baridi hii hapa, mpaka meno yananigongana. Kama ulinipa wa kweli, Mama yuko hapa ndani. Kama ulinidanganya, basi umemzika mara mbili, na safari hii hutapata wa kukuletea pole."

Enos aliuinamia mche akaunusa, akashika jani moja. Joto la Vere lilikuwa limeurefusha na kuupunguza majani, ukawa haufanani na wake wala na wangu. Akaniangalia mimi. Nikaangalia punda.

Nyumbani nikang'oa mche wangu mmoja, dhaifu kuliko wote, ule wa ndoo usije ukawa wa sita. Enos alikuja na kuhesabu mara mbili. Hata katika msiba alikuwa mtu wa sheria.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini Ionie hakungoja ya tatu. Alinifagilia, akanipangia makopo upya hata leo siioni chumvi, na akanishinda kwa maneno, jambo ambalo halijatokea nyumbani kwangu tangu mume wangu alipofariki. Mchana kutwa ndoo ilikaa uani kwenye jua. Enos alipita kila siku saa nne na kisingizio chake: leo amekuja kuazima nyundo, kesho kuirudisha. Alikuwa akiutazama mche kwa jicho la pembeni. Kijani. Wiki ya kwanza, kijani. Wiki ya pili upepo wa Krismasi ulishuka kwelikweli, asubuhi majani ya kabichi yana maji ya barafu barafu, maua ya ndoo yamenona, na bado kijani.

"Kaka yangu," Ionie alimwita siku moja kutoka barazani, kwa sauti ya kutosha majirani watatu, "kwani hiyo baridi yako imepotea njia?"

Enos alirudisha nyundo ambayo hakuwa ameiazima, akaondoka. Kwenye ibada ya Jumapili hakuimba kabisa, na mbwa wa barabarani wakaja kuchungulia.

Sasa nitasema kosa letu, na nusu yake ni yangu. Jikoni kwangu kuna kitanda cha kamba, ndipo Ionie alipolala kwa sababu ya joto la makaa. Kila jua likizama aliingiza ndoo jikoni, akaiweka kati ya kitanda na jiko, akaifunika gunia mpaka shingoni. Asubuhi, jua likishatoka vizuri, aliitoa. Nilimwona kila siku. Sikusema kitu, tena niliona ni jambo la adabu: mgeni wa kutoka uwandani halazwi nje. Kwetu huku hatulei mimea kwenye ndoo, tunaipanda na kuiacha. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona bangi ikiingizwa ndani kama kuku.

Siku tatu kabla ya Krismasi Enos alikuja mapema kuliko kawaida, na jungu la mbaazi alilokuwa amekesha akilichemsha. Jua lilikuwa bado. Akasukuma mlango wa jikoni, akasimama. Ionie alikuwa ameketi kitandani anashona soksi, miguuni pake makaa mekundu, na kando yake mche umevaa gunia, na juu ya gunia, Mungu wangu, kitambaa cha kichwa.

"Ionie," Enos alisema taratibu, "huyu anafanya nini humu?"

"Analala. Nje kuna baridi."

"Kila siku?"

"Sasa nimwache afe? Jana maji ya punda yalikuwa ya kukata vidole!"

Enos aliweka jungu chini. Nilidhani amepatwa na kifafa: alishika nguzo, akateleza, akakaa sakafuni, machozi yanamtoka, hana sauti. Kisha sauti ikatoka, na ilikuwa kicheko. Miezi miwili nilikuwa sijakisikia.

"Wiki mbili!" alisema. "Wiki mbili sili wala silali, na mwanamke huyu amemvika mche sweta! Baridi ndiyo inayomtoa rangi, Ionie! Baridi ya usiku! Umempandisha mlimani halafu ukamlaza Vere!"

Ionie aliutazama mche, akalitazama jiko. Akakaza kitambaa cha mche, nami nikaona kwamba hacheki.

"Akifa je?" aliuliza. "Hajazoea. Maisha yake yote ni joto. Nikimweka nje akanyauka, na kumbe ni yeye?"

Hapo ndipo nilipouliza swali lililokuwa linaniwasha tangu ndoo ishuke. "Ionie, miaka saba umesema huu ni majani ya mbuzi. Bangi haiishi miaka saba; sasa mbona kila mwaka ulikata kijiti kipya kabla haujaiva, ukakipanda, ukakinywesha? Majani ya mbuzi mtu anampa mbuzi."

Ionie aliyachokoa makaa. "Na kama si ya mbuzi?" alisema. "Ningemtupaje?"

Enos akaacha kucheka. Pale sakafuni, shemasi mzima, akamwambia dada yake habari ya ramu, ya uzio, ya matawi yaliyoshikana. Alimwambia yote. Nilitaka kutoka, nikabaki. Ionie alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hujui," alisema.

"Sijui. Namwomba Mungu, lakini sijui."

Nilitarajia radi. Ionie akainuka, akaufungua mche kitambaa, akatoa gunia, akabeba ndoo mwenyewe mpaka uani, akaiweka mahali ambapo upepo hauna kizuizi. "Basi na ajisemee mwenyewe," alisema. "Sisi wawili tumesema vya kutosha."

Krismasi ile tulikula pamoja kwangu, wali wa mbaazi na keki, ila hakuna aliyetazama uani. Kila asubuhi Ionie alitoka kabla sijawasha jiko, na kila asubuhi alirudi akisema "yuko hai", basi. Enos alikoma kuazima nyundo. Alisimama upande wake wa uzio, akisubiri neno hilo, akishalisikia anarudi ndani. Mimi nilikuwa nikiutazama mche na kuomba, na nitakiri kitu: maisha yangu yote nilitamani Enos aone kijani shambani mwake. Wiki ile niliomba kinyume, kwa magoti, na magoti yangu si mazima.

Januari nne, Ionie alirudi jikoni na hakusema yuko hai. Alisimama mlangoni amejikunyata ndani ya sweta zake.

"Delrose, macho yangu yana ukungu siku hizi. Hebu njoo unitazamie."

Nilitoka na taa ya mkononi, ingawa mwanga ulikuwa umeshaanza. Nikainama. Niligeuza jani moja, nikaona mishipa yake. Niligeuza la pili. Nikalitazama ua la juu kabisa, pale ambapo vijani vidogo vinalikumbatia, na kingo zote, zote kabisa, zilikuwa zimechovywa zambarau.

"Unaona nini?"

"Naona kofia," nilisema, na nikalia kama mtoto, mimi niliyetukanwa takataka.

Ionie hakulia. Alipita kwenye pengo la krotoni, akaingia ua wa kaka yake kwa mara ya kwanza tangu matanga. Enos alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Alimwona anakuja, akasimama, rangi imemtoka usoni.

"Lete kisu," Ionie alisema.

"Dada..."

"Nimesema lete kisu, sikusema lete uso wa msiba. Na kwanza njoo hapa. Pumua." Enos akampumulia. Ionie akanusa kwa makini kama askari wa barabarani. "Kahawa tupu. Haya, leo unaweza kukata."

Alikata vijiti vitatu kwenye matawi ya chini ambayo hayajachanua, dada yake amemshika kifundo cha mkono. Kimoja alikiotesha kwake, mbali na ukingo. Cha pili, bila kuniuliza, Ionie alikichomeka uani kwangu katika shimo la ule niliokuwa nimeung'oa. "Fidia ya takataka," alisema. Nikaenda kuleta maji ya kukinywesha.

Lori lilipokuja wiki iliyofuata, ndoo ilibaki mlimani. Ionie alipanda mbele karibu na dereva, kijiti cha tatu kimefungwa kwa kitambaa kibichi mapajani, sweta zake ameniachia. Enos alikuwa ameshika mlango wa lori, hataki kuuachia.

"Lakini ujue, dada, huko Vere atabaki kijani. Miaka yote. Hutaiona rangi yake."

"Najua," Ionie alisema, akakifunika kijiti kwa kiganja jua lisikipate. "Sina haja ya kuiona."